Mshika Breki wa Meridian na Wasichana wa Kapkatet

Neno "muziki wa asili" hutumiwa siku hizi kwa wepesi sana. Huandikwa juu ya majalada ya santuri, hutajwa katika mitihani, na hutamkwa na watangazaji kana kwamba kila msikiaji ajua mpaka wake ulipo. Katika insha hii nataka kulipima neno hilo kwa habari za mtu mmoja, Jimmie Rodgers, mwimbaji na mtunzi wa Marekani ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kantri, yaani muziki wa mashamba na milima ya kusini ya nchi ile. Nimemchagua yeye kwa kuwa maisha yake yalikuwa mafupi na habari zake zimehifadhiwa vyema. Tena kwa kuwa jina lake, bila ya mwenyewe kujua, lilivuka bahari likafika katika vilima vya Wakipsigis wa Kenya, likapata huko maisha ya pili ambayo wenyeji wa Mississippi hawakuyawazia kabisa.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897. Watu wa Meridian, mji wa Mississippi, humdai kuwa wao, na watu wa Geiger katika Alabama nao humdai. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Lililo hakika ni kwamba baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa wafanya kazi wa reli, na kwamba mama yake alifariki mwana akiwa bado mdogo. Basi mtoto huyo alilelewa na reli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwachukulia maji ya kunywa mafundi na vibarua waliotengeneza njia ya garimoshi, na wengi wa vibarua wale walikuwa watu weusi. Walikuwa wakiimba kazini, kama wafanyavyo watu wote wanyanyuao vitu vizito pamoja, maana wimbo ndio unaozipanga nguvu za mikono kumi ziwe mkono mmoja. Kwao ndiko alikojifunza kupiga banjo na gita, na kwao ndiko alikoisikia bluzi kabla haijapata kuuzwa dukani.

Alipokuwa kijana alifanywa mshika breki. Kazi hiyo, kwa msomaji asiyeifahamu, ilikuwa kazi ya hatari: mtu hutembea juu ya mabehewa yaendayo ili kusaidia kuyazuia na kuyafungua, katika mvua na katika baridi. Mwaka wa 1924 madaktari walimwambia kwamba ana kifua kikuu, na ugonjwa ule, siku zile ambapo hapakuwa na dawa ya kuuponya, haukumwachia mtu nguvu ya kushika breki. Tangu hapo muziki, ambao kwake ulikuwa mchezo wa jioni, ukawa ndio riziki. Alikuwa na mke, Carrie, aliyemwoa mwaka wa 1920, na binti mmoja aliyebaki baada ya mdogo wake kufa angali mchanga. Tukumbuke jambo hili tusomapo sifa nyingi alizomiminiwa baadaye. Mtu huyu aliimba kwa sababu hakuweza tena kufanya kazi nyingine.

Sasa tuje katika mji wa Bristol, ambao nusu yake iko Tennessee na nusu iko Virginia. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, mwaka wa 1927, mtu mmoja jina lake Ralph Peer alikwenda huko kwa niaba ya kampuni ya Victor, akaweka mitambo yake katika jengo lililopata kuwa ghala la kofia, akawaita waimbaji wa milimani waje wajaribiwe. Kwa muda wa siku kumi na mbili alirekodi nyimbo 76. Tarehe 1 na 2 Agosti walikuja jamaa wa Carter, ambao nyimbo zao zilikuwa za nyumbani na za kanisani. Tarehe 4 akaja Rodgers. Alikuja peke yake, maana usiku uliotangulia yeye na wenzake wa bendi waligombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, wakaachana. Akaimba nyimbo mbili kwa gita lake tu. Laiti wasingegombana, huenda leo tungekuwa tunalitaja jina la bendi ambayo hapana aikumbukaye.

Peer huyu astahili kuangaliwa kwa makini kuliko waandishi wengi wamwangaliavyo, kwani ndani ya kazi yake mna ufunguo wa swali letu. Alikuwa katika kampuni ya Okeh mwaka wa 1920, wakati Mamie Smith aliporekodi bluzi iliyouzwa sana mpaka wafanya biashara wakatambua kwamba watu weusi nao hununua santuri. Alikuwapo Atlanta mwaka wa 1923 John Carson, mzee wa fidla, alipopeleka nyimbo za kizamani za weupe wa mashambani. Kutokana na biashara hizo mbili makampuni yakafanya orodha mbili: katika kitabu kimoja waliandikwa waimbaji weusi, na katika kingine weupe wa mashambani. Msomaji atasadiki kwa urahisi kwamba orodha hizo zilifuata tofauti iliyokuwapo katika muziki wenyewe. Haikuwa hivyo. Wapiga fidla weusi walikuwa wengi kusini, na weupe walioimba bluzi walikuwa wengi vilevile; orodha ndiyo iliyowatenga, kisha baada ya miaka ishirini watu wakaisoma orodha wakadhani wanasoma asili.

La pili ni la sheria. Sheria ya haki za watungaji ya Marekani ya mwaka wa 1909 iliamuru kwamba mwenye wimbo alipwe senti 2 kwa kila nakala ya santuri. Wimbo wa zamani usio na mtungaji haukuwa na wa kulipwa. Peer alikwisha patana na Victor kwamba atafanya kazi bila mshahara wa maana, mradi haki za nyimbo ziwe mikononi mwake. Na mwaka wa 1928 akaanzisha kampuni yake ya kusimamia haki hizo. Kwa hiyo mwimbaji aliyekuja kwake na wimbo wa bibi yake, ukiwa safi na haukuguswa, hakumfaa sana. Aliyemfaa ni yule aliyeweza kuuchukua wimbo wa bibi, akaubadilisha kiasi cha kutosha kuitwa wake. Hapo twaona ajabu: muziki uliouzwa kwa jina la ukale ulilazimishwa na sheria uwe mpya. Wale vibarua wa reli waliomfundisha Rodgers mistari na midundo hawakuandikwa katika daftari lolote, na senti 2 hazikuwafikia.

Simwambii msomaji kwamba Rodgers alikuwa mwizi. Huo ungekuwa wepesi mwingine. Alikuwa fundi, na ufundi wake waonekana wazi katika wimbo alioimba huko Camden, New Jersey, tarehe 30 Novemba 1927, uitwao "Blue Yodel". Yodeli ni namna ya kuimba ambayo sauti huruka ghafula kutoka kifuani, ikawa nyembamba kama ya mtoto, kisha ikarudi, upesi upesi, bila maneno. Wachungaji wa milima ya Alps huko Ulaya wanajulikana kwayo, na Wambuti wa msitu wa Ituri wanayo yao ambayo hawakufundishwa na mtu wa Alps. Ilifika Marekani katika karne ya kumi na tisa pamoja na vikundi vya waimbaji waliosafiri kutoka Tyrol, ikaingia katika michezo ya hemani na ya majukwaani, na waimbaji wengine weupe walikwisha irekodi kabla ya Rodgers. Alilolifanya yeye ni kuitia mwishoni mwa ubeti wa bluzi, mahali ambapo mwimbaji mweusi angeliacha gita lijibu au angeguna. Mistari ya bluzi ni ya huzuni na ubishi. Yodeli ni ya mlima na ng'ombe. Vikiwekwa pamoja, kile kilio cha mwisho hakikuwa tena cha Alps. Kilikuwa cha garimoshi lipitalo usiku. Santuri ile ikauzwa kwa mamia ya maelfu, na akatunga nyingine za namna ile hata zikafika 13.

Wala hakuishia hapo. Mwaka wa 1928, huko Atlanta, alirekodi "Waiting for a Train", wimbo wa mtu maskini akaaye kando ya reli bila nauli. Akautilia tarumbeta ya jazi na gita la chuma la Kihawaii, ambalo Wamarekani walilipenda tangu maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka wa 1915. Msikiaji wa leo huusikia wimbo ule akasema, "Hii ndiyo kantri ya kale, halisi." Lakini mwenye kuyahesabu yaliyomo atakuta Mississippi, New Orleans, Honolulu na Tyrol. Mwaka wa 1931 aliimba pamoja na bendi ya watu weusi wa Louisville wapuliziao magudulia, na mwaka uo huo akaimba na Clifford Gibson, mpiga gita mweusi wa St. Louis.

Lililo kubwa kuliko yote hayo lilitendeka Hollywood tarehe 16 Julai 1930. Siku hiyo Rodgers aliimba "Blue Yodel" ya 9. Aliyempigia tarumbeta alikuwa Louis Armstrong, na aliyempigia piano alikuwa Lil Hardin Armstrong, mkewe. Ukiisikiliza, utasikia jambo ambalo walimu wa muziki hulilalamikia: Rodgers hakuwa mwangalifu wa hesabu. Huongeza pigo hapa, hupunguza pale, kama afanyavyo mtu aliyezoea kujipigia mwenyewe. Armstrong amfuata kila aendako, kama mwenyeji amchukuaye mgeni gizani, wala hamwachi ajikwae. Basi santuri ikatolewa, na juu ya karatasi yake hapakuwa na jina la Armstrong. Mikataba yake na kampuni nyingine yatosha kuwa sababu. Hata hivyo zile orodha mbili zilikuwapo, na santuri moja haikuweza kukaa katika zote. Ilimpasa Armstrong angoje hata mwaka wa 1970, alipoupiga tena wimbo ule katika televisheni pamoja na Johnny Cash, ndipo umma mkubwa ulipoambiwa waziwazi kwamba tarumbeta ile ilikuwa yake.

Mkondo wa pande zote mbili waonekana pia kwa Chester Burnett, mweusi wa Mississippi ajulikanaye kwa jina la Howlin' Wolf. Alipata kusimulia kwamba alijaribu kuimba yodeli kama Rodgers, koo lake likakataa, akatoa mlio wa mbwa mwitu.  Bluzi ilitoka kwa weusi ikaenda kwa mshika breki, ikarudi kwa mweusi ikiwa na umbo jingine. Ni nani katika hao aliye asili?

Mwisho wa Rodgers ulikuwa wa haraka. Alijenga nyumba kubwa huko Kerrville, Texas, kwa hewa yake kavu, akashindwa kuikalia muda mrefu. Mwaka wa 1931 aliimba juu ya kifua kikuu chake mwenyewe kwa maneno ya mtu ambaye hakujidanganya. Biashara ya santuri nayo ilikuwa ikifa pamoja naye: Wamarekani walinunua santuri zaidi ya milioni 100 mwaka wa 1927, na mwaka wa 1932, katika dhiki ile kubwa ya uchumi, zilikuwa kiasi cha milioni 6. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi kwa mara ya mwisho, akawekewa kitanda ili apumzike baina ya wimbo na wimbo. Tarehe 26 Mei alifariki hotelini, umri wake miaka 35, na maiti yake ikarudishwa Meridian kwa garimoshi. Aliacha nyimbo kiasi cha 110.

Sasa tuvuke bahari. Gramafoni ilikuwa imekwisha zoeleka Afrika Mashariki. Twajua kwamba Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi, mwaka mmoja tu baada ya Rodgers kufika Bristol, na kwamba sauti yake iliuza vinanda vya santuri pwani nzima. Pamoja na santuri za Kiswahili na za Kiarabu zilikuja za Kiingereza, zikapanda bara kwa reli, zikaingia katika nyumba za walowezi, za misheni na za wafanya biashara. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa kusini mwa Afrika tangu ujanani, alifika Kapkatet katika wilaya ya Kericho na mitambo yake ya kunasa sauti. Nia yake maishani ilikuwa kuihifadhi miziki ya Waafrika kabla haijaharibiwa na redio na gramafoni. Akawakuta Wakipsigis wakiimba juu ya mtu aitwaye Chemirocha.

Jina hilo ni Jimmie Rodgers. Kikipsigis hakitofautishi j na ch kama Kiingereza. Tena silabi Che- na Chep- ndizo zianzazo majina ya wanawake kwao, kama Chebet na Chepkoech, kinyume cha Kibet na Kipkoech ya wanaume. Kwa hiyo jina la mshika breki lilikaa ndani ya lugha yao kwa raha, likavaa hata nguo za kike. Tracey alirekodi nyimbo tatu za Chemirocha. Mbili ni za wanaume wenye chepkong, kinubi cha Wakipsigis ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo. Ya tatu ni ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, na ndiyo iliyopendwa na dunia. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba Chemirocha amefanywa na wenyeji kuwa kama kijimungu, nusu mtu nusu swala, na kwamba wasichana humsihi acheze ngoma yao ya kuruka kwa nguvu hata nguo zimtoke mwilini.

Maelezo hayo yamenakiliwa mara nyingi mno, na karibu kila ayanakiliye huisimulia hadithi ileile: washamba wasiojua kitu walisikia sauti kutoka sandukuni, wakaiabudu. Mimi siikubali. Msichana amwambiaye mwanamume aruke mpaka nguo zimvuke hamwabudu, amtania. Mtu wa pwani aliyezoea vijembe vya lelemama atautambua utani huo hata bila kujua neno moja la Kikipsigis. Wale wasichana walikuwa wamepata mgeni asiyeonekana, mwenye sauti ya mwanamume ambayo mara huwa nyembamba kama yao, wakamwita uwanjani aje ajulikane. Kumpa miguu ya swala mtu arukaye, na sauti yake irukayo, si ujinga wala si dini. Ni ushairi. Tena tuangalie muziki wenyewe: hakuna yodeli ndani yake, hakuna gita, hakuna mapigo ya Mississippi. Walichukua jina na dhana, wakaacha mengine yote. Mtu aliyetekwa na santuri angeiga sauti.

Hapa Tracey mwenyewe amenaswa. Alitafuta muziki ambao gramafoni haijaugusa, na katika maelfu ya nyimbo alizozikusanya, ambazo baadaye zilitolewa katika santuri zaidi ya 200 za mfululizo wa Sound of Africa, miongoni mwa zilizopendwa mno ni hii iliyozaliwa na gramafoni. Kwa haki yake niseme kwamba hakuuficha. Alikuwa na sikio jema kuliko nadharia yake, na sikio hilo ndilo lililomfanya mwaka wa 1952, huko Jadotville katika Katanga, amrekodi kijana aliyemsikia akipiga gita barabarani, Jean Bosco Mwenda, ambaye nyimbo zake za Kiswahili zingeliweza kukataliwa na mtafuta ukale yeyote. Tena Tracey aliandika majina. Chemutoi Ketienya tunamjua kwa jina kwa sababu yeye alimwuliza na akaandika. Vibarua wa njia ya reli ya Mississippi hawakuulizwa.

Lakini jina si malipo, na nakala ya wimbo ilikaa kusini mwa Afrika, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka wa 1954, ambayo leo iko katika chuo kikuu cha Rhodes. Wazungu waliusikia wimbo wa Kapkatet miaka mingi; Kapkatet hawakuwa nao. Katikati ya muongo wa 2010 maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha sauti zile kwa wenyewe. Waliofika huko wakamkuta hai angalau mwimbaji mmoja aliyerekodiwa na Tracey, mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye kwa muda wote huo hakuwa amepata kuisikia sauti yake mwenyewe. Waliompelekea walikuja na kidude kidogo kisicho na sindano wala mkono wa kuzungusha, wakakifungua, na mzee akasikiliza sauti ya kijana wa mwaka wa 1950.